Kushika na Kugusa: Kisa cha Kamba Moja Kaskazini mwa Dodoma

Saa 6 na robo mchana, Jumamosi moja ya Julai, kichaka chenye upana wa ungo kiling'oka kwenye mwamba kikiwa mkononi mwa mtu ambaye kamba yake niliishika mimi. Alianguka mita nane na ushee. Kifundo cha mguu wa kushoto kilivunjika, akafungwa hogo kwa wiki sita, na leo anatembea vizuri ingawa ngazi bado anazishuka kwa adabu. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, naweza kukieleza kisa hiki bila kumkinga mtu yeyote, na wa kwanza nisiyemkinga ni mimi mwenyewe.

Aliyeanguka nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo ninavyomwita siku zote. Amenizidi miaka saba. Ni mtu wa Tanga, kazi imemleta Dodoma kama ilivyowaleta wengi tangu serikali ihamie huku. Kabla ya hapo alisoma Uskoti miaka minne, na huko alipata ugonjwa wa kupanda milima wakati wa baridi, tena ile milima ambayo mtu wa kawaida angeiangalia dirishani akaongeza chai. Mchezo wenyewe uko hivi: unavaa viatu vyenye meno ya chuma, mikononi una shoka mbili fupi za barafu, unapanda mahali ambapo jiwe, theluji, barafu na udongo wenye nyasi vimechanganyika. Hatua moja shoka linazama kwenye barafu, inayofuata ncha yake inang'ang'ania ukingo wa jiwe wenye unene wa sarafu, ya tatu linachomekwa kwenye nyasi zilizoganda. Milima yao si mirefu. Ben Nevis, ulio mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345, na sisi Dodoma mjini tunalala kwenye mita 1,100 na zaidi bila kujisifu. Lakini kule Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na upepo unaokuja una theluji ndani yake.

Nimechukua nafasi kueleza hayo kwa sababu kisa chetu kilianzia huko, si Dodoma.

Nyasi zilizoganda ndizo Kaka alizokuwa akizisifia kuliko barafu yenyewe. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda, udongo, mizizi na ufa wa jiwe vinakuwa kitu kimoja. Shoka likiingia hapo linatoa mlio mzito, na kulichomoa ni kazi. Barafu inaweza kupasuka kama sahani, jiwe linaweza kuteleza, ila fungu la nyasi lililoganda sawasawa ndipo mtu anapovuta pumzi na kutazama mandhari. Wapandaji wa kule wana mwiko wao: nyasi zikiwa laini, hupandi, kwa sababu zitang'oka na utakuwa umeharibu mmea uliokaa pale miaka mingi. Mwiko huo Kaka alinisimulia mara kadhaa. Naomba ukumbukwe.

Mimi nilijifunza kupanda kutoka kwake, hapa hapa, kwenye mawe ya pembezoni mwa mji. Nilikuwa na miaka miwili ya kushika kamba na mwaka mmoja wa kutangulia, yaani kupanda mbele na kamba ukichomeka vifaa vya kukukamata, kwenye miamba mifupi. Yaani kati yetu kulikuwa na mwalimu na mwanafunzi, na hilo lina sehemu yake mbele.

Asubuhi kijijini

Mwamba tulioufuata uko kaskazini mwa mji, upande wa milima ya Chenene. Kijiji sikitaji, kwa kuwa babu aliyetupokea sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Tuliondoka saa 11 alfajiri. Kipupwe cha Dodoma wenye nyumba wanakijua: usiku joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa kusini mashariki unavuma mchana kutwa, mkavu, unaopasua midomo na kufanya vidole viwe kama vya mtu mwingine. Kaka alivaa fulana moja. Kwake hiyo haikuwa baridi.

Tulimkuta babu akiota moto, amejifunika mgolole. "Mbukwenyi," nikasalimu, kisha nikaongeza shikamoo ili niwe salama pande zote mbili. Mama yangu ni Mgogo, lakini Kigogo changu ni cha jikoni: najua kuomba chumvi, kusikia ninaposemwa, na kukataa kuolewa na nisiyemtaka. Babu akauliza tumefuata nini. Asali? Hapana babu. Pimbi? Hapana. Madini? Hapana, tunapanda tu, kisha tunashuka. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kuwa na heshima mbele ya ujinga. Halafu akasema sentensi moja kwa Kigogo, akionyesha juu kwa kidevu.

Kaka akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikajibu, "Anasema tusiguse majani ya kule juu. Mambo ya mila."

Alichosema babu, neno kwa neno kadiri ninavyoweza kukitafsiri leo, ni kwamba yale majani ya juu ya jiwe tusiyashike. Tofauti kati ya alichosema na nilichopeleka ni neno moja, nami sikuona kosa lolote kwa sababu kwenye Kiswahili cha kila siku ukimwambia mtoto usishike sufuria, unamaanisha pia usiguse. Na vilima vingi vya Ugogo vina historia ya matambiko ya mvua. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaandaa sanduku la mila, nikaitia sentensi ya mzee humo, nikafunga.

Mwamba

Jiwe la huku ni matale, yaani graniti, ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya kitovu kigumu ambacho nchi ya Tanzania imekalia. Ugumu huo unadanganya. Jiwe likifunuliwa na mmomonyoko, uzito uliokuwa juu yake ukiondoka, hupasuka kwa tabaka zinazofuata umbo la kilima, kama maganda ya kitunguu. Jua la mchana na baridi ya usiku vinaendeleza kazi. Ndiyo maana ukitembea juu ya mwamba wa Dodoma unakanyaga mahali pazima, halafu hatua mbili mbele unasikia sauti ya mtungi mtupu. Tabaka hilo limeachia tayari, linasubiri sababu.

Na juu ya jiwe hilo kuna vichaka vya jamii ya Xerophyta. Vina shina fupi lenye nyuzi nyuzi na majani membamba, kiangazi vyote vya kijivu kama vimekufa. Havijafa. Vinakauka kabisa, na mvua ikinyesha vinarudi kuwa vya kijani ndani ya siku chache. Vinaota kwa mafungu, vikibeba udongo wao wenyewe, mahali ambapo mmea mwingine usingethubutu. Ukivitazama kutoka chini vinafanana sana na mafungu ya nyasi za Uskoti.

Njia ya kwanza tuliyoichagua tuliiacha baada ya mita kumi, kwa sababu Kaka alisikia nyuki ndani ya ufa, na nyuki wa kwetu hawana mjadala. Tukapoteza saa moja na nusu. Ya pili hatukuwa tumeichunguza. Kaka aliitazama kwa dakika tano, akasema, "Hii ni nne tu, mdogo wangu."

Hapa niseme kidogo kuhusu namba. Njia za baridi za Uskoti hupewa namba mbili. Ya kwanza ni ya Kirumi, nayo inapima uzito wa njia nzima: urefu wake, kama kuna pa kutia nanga na kujifunga kwenye jiwe, kama unaweza kurudi, ukianguka nini kitatokea. Ya pili ni ya kawaida, inapima ugumu wa hatua ngumu kuliko zote. Njia inaweza kuandikwa V,4, na msomaji akajua mara moja kwamba hatua ni za wastani ila usianguke. Asubuhi ile Kaka alitaja namba moja tu. Namba ya Kirumi hakuitaja, nami sikuuliza.

Urefu wa kwanza wa kamba ulikuwa mita 45, jiwe la mlalo, rahisi. Takriban mita 20 kutoka chini nilipita mkuyu mdogo uliochomoza kwenye ufa, mizizi yake imeingia ndani ya jiwe kama vidole kwenye unga. Nilipofika juu nilimkuta Kaka kwenye kijukwaa chenye upana wa kitanda cha mtoto, nanga imefungwa kwenye nati mbili na kombeo, kitanzi cha utepe imara. (Nati ni vipande vya chuma vinavyokwama kwenye ufa. Jina halitanii: miaka ya 1950 wapandaji wa Uingereza walikuwa wakitumia nati halisi za mitambo, wamezipitishia kamba. Kabla yake walikuwa wakichomeka kokoto.) Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba hatukuitana kwa sauti, tulivuta kamba mara tatu kama tulivyokubaliana.

Akaanza urefu wa pili. Kwenye mita tatu juu yangu akachomeka nati kwenye ufa mzuri, akaivuta kwa nguvu ikaingia zaidi, akaipitishia kamba. Kwenye mita tano na nusu akaweka kamu nyuma ya bamba la jiwe. Kamu ni kifaa chenye vigurudumu vya chuma vinavyotanuka: ukikivuta kwenda chini, kinasukuma kuta za ufa kwa pembeni, tena kila ukuta unasukumwa kwa nguvu ya karibu mara mbili ya ile inayokivuta. Kule alikojifunza, kamu huaminiwa kwa shida kwa sababu nyufa zina barafu na vigurudumu vinateleza. Hapa ufa ulikuwa mkavu kama mfupa. Alitabasamu. Nilimwona hakuligonga lile bamba kwa kiganja kusikiliza sauti yake, na yeye ndiye aliyenifundisha kugonga. Nikanyamaza. Mwanafunzi hamkumbushi mwalimu kunawa mikono.

Mita saba juu yangu palikuwa na hatua ya kunyoosha mkono mbali. Jiwe mbele yake lilikuwa laini, halina pa kushika, na juu kidogo lilikaa fungu moja kubwa la kijivu. Akalishika. Hakulijaribu kwanza kwa kulivuta taratibu, alilishika kwa kulikabidhi uzito wote, kama mtu anayefika nyumbani.

Likaja zima, na udongo wake.

Kamu ilikamata kwa muda mfupi kuliko kupepesa, kisha bamba likatanuka, likavunjika, likapita karibu na bega langu likiwa na ukubwa wa sinia na kutua kwenye rundo la kamba miguuni pangu. Nati ya mita tatu ikashika. Kaka alisimama kama mita moja chini ya kijukwaa changu. Mguu wa kushoto ulikuwa umegonga jiwe njiani.

Hesabu ya anguko hilo niliifanya usiku ule kwa sababu usingizi haukuja. Alikuwa mita nne juu ya nati, kwa hiyo alianguka mita nane, nne hadi kwenye nati na nne chini yake, na kamba iliyokuwa nje ilikuwa mita saba. Ukigawa nane kwa saba unapata moja na kitu. Kama nati ingetoka, angeanguka mita 14 kwa kamba ile ile ya mita saba, na jibu lingekuwa mbili, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote mpandaji anaweza kupata. Kinachoumiza ni uwiano huo kuliko urefu wenyewe. Kamba ya kupandia hupoza anguko kwa kunyumbuka, na ikiwa fupi haina cha kunyumbua. Mita 14 kwenye kamba ndefu ya mita 40 ni kashkash, kwenye mita saba zingeingia moja kwa moja kwenye nanga, kwenye nati zile mbili na kombeo, ambako na mimi nilikuwa nimefungwa.

Kushuka

Bamba lilikuwa limechana ganda la nje la kamba kwenye mita ya nane kutoka upande wake, nyuzi nyeupe za ndani zinaonekana. Nilimsaidia akapanda kwenye kijukwaa, nikamfunga kwenye nanga kwa kombeo, ndipo nikakata kamba. Zikabaki mita 52. Gari lilikuwa na kamba ya pili, nzima, mita 60, tuliyoiacha asubuhi ili tusibebe uzito. Uskoti Kaka alikuwa akipanda na kamba mbili nyembamba kila mara. Hapa aliona njia fupi, jua lipo, saa 12 za mchana, ya nini.

Mita 52 zilitosha kumshusha mtu mmoja mita 45 hadi chini kwa kamba isiyokunjwa, naye akateleza kwa makalio akikinga mguu. Mimi ndiye niliyekuwa na tatizo. Mtu wa mwisho anashuka kwa kamba iliyokunjwa mara mbili ili aweze kuivuta, kwa hiyo mita 52 ni 26 tu. Mkuyu ulikuwa mita 25 chini yangu. Nilifunga mafundo kwenye ncha zote mbili, nikaacha nati mbili juu, nikashuka nikihesabu. Nilipoushika ule mkuyu nilibaki na kipande cha kamba cha kufungia mbuzi. Nikauzungushia kombeo, nikavuta kamba, nikamalizia mita 20.

Vijana waliokuwa wakichunga mbuzi walishaita watu. Babu alileta mkokoteni wa punda. Saa 1 usiku tulikuwa hospitalini mjini.

Nini kilimwangusha

Kaka na mimi hatukubaliani, na nitaweka pande zote mbili. Yeye anasema kosa ni bamba: kamu ingeshika, angening'inia mita tatu chini ya mahali alipokuwa, tungecheka. Ni kweli, na ni kosa lake kutoligonga, na langu kunyamaza nilipomwona. Lakini bamba liliamua ataanguka kiasi gani. Kilichomwangusha ni mkono.

Lile fungu tulilikuta chini ya mwamba, nikalichukua. Nililigeuza juu ya meza: udongo una unene wa vidole viwili, mizizi imesambaa kama mkeka, na upande wa chini kabisa ni chembe za jiwe zilizobanduka. Hakuna mzizi hata mmoja ulioshuka kwenye ufa. Mkuyu ulikuwa na ufa, fungu lilikuwa na mkeka. Macho yaliyozoea huku yangeona mimea miwili tofauti kabisa. Ya Kaka yaliona nyasi mbele na kichaka cha kuchoma mkono nyuma.

Huwa namtania kwamba alivunja mwiko wake mwenyewe. Nyasi zisipoganda, hupandi: maneno hayo aliyajua, aliyasimulia, na kwa nyuzi 20 za mchana wa Julai hakuna kilichokuwa kimeganda umbali wa mamia ya kilomita, labda kileleni Kilimanjaro. Anajibu kwamba mwiko ule ulihusu shoka. Mkono haukuwa umeusikia. Nadhani hapo amesema kweli kuliko alivyokusudia, maana alichobeba kutoka kule ni mazoea ya mwili, na sharti lililokuwa linayalinda lilibaki kwenye masimulizi.

Sehemu yangu ni nzito zaidi. Wiki iliyofuata nilirudi kwa babu na sukari na sabuni. Nikamwuliza ile mila ya majani ni ipi. Akashangaa. "Mila iko kule kwenye mbuyu," akasema, safari hii kwa Kiswahili, labda amechoka na Kigogo changu. "Pale juu hakuna mila, pana kuanguka tu. Yale majani yamekaa kama mgeni anayesubiri chai." Vijana wanaowinda pimbi wanajua hivyo tangu wadogo: mkuyu shika, majani pita.

Yaani taarifa tuliyoihitaji tulipewa bure, saa 1 asubuhi, na mtu anayeujua mwamba, na ilipita mikononi mwangu. Ningesema "tusishike", Kaka angeuliza kwa nini, kwa sababu kushika ndiyo kazi yake. Nilisema "tusiguse", akaitikia kwa heshima anayompa kila mtu na mila zake, na akaisahau kabla ya nyuki. Baadaye aliniambia kwamba alipoliona lile fungu, mila hata haikumjia akilini. Vijana siku hizi rafiki wanamwita mshikaji. Mimi nilikuwa mshikaji kwa maana zote mbili, kamba niliishika vizuri, neno likaniponyoka.

Kuhusu ile namba, tuliigombania akiwa amelaza mguu kwenye mto. Yeye anashikilia nne, hatua haikuwa ngumu. Mimi nikasema sawa, nne, lakini andika na ya Kirumi. Nanga chache, jiwe linalobanduka, njia isiyochunguzwa, kamba moja, simu haina mtandao. Alifikiri muda mrefu, akaandika V kwenye daftari lake, akaifuta, akaandika VI, akalifunga.

Anataka kurudi Septemba, kabla ya mvua, kuchukua nati zake mbili. Kamba zitakuwa mbili, hilo halina mjadala. Nimemwambia pia kwamba kwa babu atazungumza mwenyewe, mimi nitakaa kando nile karanga. Kwa sasa ameshajua salamu.